Yale Ambayo Daktari Hakuyasema: Niliyojifunza Nikiwa Mkalimani Texas

Kazi yangu ni ukalimani wa hospitalini. Ninaishi Fort Worth, Texas, na wengi ninaowafanyia kazi ni Wakongo wa Fizi, Uvira na Kalemie, waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kuletwa Marekani. Mimi nimezaliwa Tanga. Kanuni kuu ya kazi hii ni moja: sema yote yaliyosemwa, usiongeze, usipunguze. Daktari akisema pole, nami nasema pole. Mgonjwa akifoka, nami nafoka. Ni kanuni nzuri na bado ninaifuata. Lakini sheria za jimbo hili kuhusu utoaji mimba zimenionyesha kwamba mtu anaweza kufikishiwa kila neno lililotamkwa chumbani na bado akatoka gizani, kwa sababu jambo alilolihitaji kuliko yote halikutamkwa.

Akina mama ninaowasimulia hapa wamenipa ruhusa. Majina nimeyabadilisha, pamoja na mambo mengine ambayo yangewatambulisha.

Nikizungumza na ndugu zangu Tanga kuhusu mimba zinazotolewa zikiwa kubwa, picha inayowajia ni ya msichana aliyeficha tumbo mpaka likaonekana. Mimi kwenye vyumba vya ultrasaundi nimeona watu wa aina nyingine kabisa. Kwa takwimu za serikali ya Marekani, zaidi ya tisa kati ya kila mimba kumi zinazotolewa hutolewa ndani ya wiki 13 za kwanza, na zile za wiki ya 21 na kuendelea ni kama asilimia moja tu. Hiyo asilimia moja ndiyo inayojaa kwenye hotuba za wanasiasa. Baadhi ya waliomo walichelewa kwa kukosa fedha, usafiri au ruhusa ya kazini. Wengine ni wanawake waliokwisha nunua nguo za mtoto, wakaenda kupimwa kwa furaha pamoja na waume zao, na wakaambiwa habari ambayo haikuweza kujulikana kabla ya siku ile.

Hapo pa kujulikana ndipo penye kiini cha mambo. Kipimo kikubwa cha kuangalia maumbile ya mtoto hufanywa kati ya wiki ya 18 na ya 22. Kabla ya hapo mtaalamu anaweza kuona moyo unapiga na viungo vinachipua, lakini vyumba vinne vya moyo, figo mbili, uti wa mgongo na ubongo huonekana sawasawa kuanzia wiki hizo. Kisha hesabu inaanza kukimbia. Mtaalamu wa kawaida akiona kasoro hukupeleka kwa daktari bingwa wa mimba zenye hatari, na nafasi kwake hupatikana baada ya siku kadhaa. Bingwa akitaka kuhakikisha, huchukua maji ya uzazi kwa sindano, na majibu kamili ya vinasaba huweza kuchukua hadi wiki mbili. Mama aliyeingia na wiki 20 anapata jibu la uhakika akiwa na 22 au 23, na hakuna siku hata moja aliyozembea. Sheria inayoweka mpaka wiki ya 20 inaufunga mlango pale pale mtu anapopata macho ya kuona.

Texas iliweka mpaka wa namna hiyo mwaka 2013. Naukumbuka mwaka huo kwa sababu seneta wetu wa Fort Worth, Wendy Davis, alisimama katika bunge la jimbo kule Austin mwezi Juni akazungumza kwa takriban saa 11, bila kukaa wala kuegemea kitu, ili kikao kiishe muda kabla muswada haujapita. Usiku ule muswada ulikufa. Gavana Rick Perry akaitisha kikao kingine, ukapita, akautia saini Julai. Ulipiga marufuku utoaji mimba baada ya wiki 20 tangu yai kurutubishwa. Madaktari huanza kuhesabu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo kwenye karatasi za hospitali mpaka huo ulikuwa wiki ya 22. Lakini sheria ile, pamoja na ukali wake, iliacha dirisha: mtoto akiwa na kasoro ambayo tiba yoyote haiwezi kumfanya aishi nje ya tumbo, mpaka wa wiki haukuhesabiwa.

Mwaka uliofuata nilimtafsiria Mama Riziki. Alikuwa na wiki 23, na fuvu la mtoto halikuumbika. Sehemu kubwa ya ubongo haikuwepo. Daktari alivuta kiti akakaa karibu naye, magoti kwa magoti. Akamweleza njia zilizokuwepo. Anaweza kuendelea kubeba mimba mpaka mwisho, na mtoto atakapozaliwa apewe huduma ya faraja tu, asiteswe na mashine. Anaweza kuanzishiwa uchungu mapema. Au anaweza kupelekwa kwenye kliniki inayotoa mimba za umri huo. Kila njia aliieleza hatari zake na gharama zake, akasema hakuna jibu baya kati ya hayo. Nilitafsiri mpaka koo likakauka.

Mama Riziki alirudi baadaye na mumewe pamoja na dada mkubwa wa mumewe, ambaye kwenye familia ile neno lake lina uzito. Wakasema wataendelea. Mtoto alizaliwa, akapumua chini ya saa moja mikononi mwa baba yake, akapewa jina, akazikwa na kwaya ya kanisa lao ikiimba kwa Kibembe. Nilikuwepo makaburini, si kwa kazi. Mama yule aliniambia kitu ambacho nimekitegemea sana tangu hapo: "Dada, ni miye nilichagua." Alikuwa analia, lakini alisema kwa kichwa kilichoinuka.

Nimemtaja kwanza kwa makusudi. Watu wakisikia napinga sheria hizi wanadhani nataka kila mama mwenye habari mbaya aitoe mimba. Mama Riziki hakuitoa, nami nilimheshimu kwa moyo wote. Ninachokitaka ni kile kikao cha magoti kwa magoti.

Septemba 1, 2021 Texas ilianza kutumia sheria iliyokataza utoaji mimba mara tu mapigo ya moyo yanapoonekana, kama wiki ya sita, na iliyomruhusu raia yeyote kumshtaki aliyefanya au aliyesaidia, adai dola zisizopungua 10,000. Mwaka 2022, Juni 24, Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta haki ya kutoa mimba iliyokuwepo tangu 1973. Agosti 25 mwaka huo huo katazo kamili la Texas likaanza kufanya kazi: daktari anayetoa mimba anaweza kufungwa hadi maisha, kupoteza leseni, na kutozwa dola zisizopungua 100,000. Mwanamke mwenyewe hashtakiwi. Nafasi pekee iliyobaki ni pale maisha ya mama yanapokuwa hatarini au kazi muhimu ya mwili wake inapokaribia kuharibika vibaya. Lile dirisha la 2013 la mtoto asiyeweza kuishi halimo tena, na aliyebakwa naye hana dirisha.

Sisi wakalimani tulijiuliza jambo ambalo huenda halikumpitia mtunga sheria yeyote: je, anayetafsiri naye anasaidia? Tuliuliza kampuni iliyokuwa ikitupa kazi, wakatujibu kwa barua iliyosema tuzingatie sheria za jimbo. Basi.

Mama Neema alikuja mwishoni mwa 2022. Alikuwa na miaka 29, watoto wawili, wote waliozaliwa kwa upasuaji. Wiki ya 21. Mtoto hakuwa na figo hata moja, na kwa kuwa maji ya uzazi katika umri huo hutokana na mkojo wa mtoto, maji hayakuwepo. Pasipo maji mapafu hayakui. Daktari alieleza yote hayo vizuri, kwa upole, na mimi nikayafikisha.

Mama Neema akauliza, "Sasa tunafanya nini?"

Daktari akatazama faili. Akasema, "Tutaendelea kukufuatilia."

Nikatafsiri. Akauliza tena, safari hii akinitazama mimi, "Njo nini tunafanya?" Daktari akasema ataonana naye baada ya wiki mbili. Nikatafsiri na hilo. Muda wote ule daktari alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango.

Swali lile lile, katika chumba kinachofanana na kile cha Mama Riziki, miaka minane kabla lilikuwa na majibu matatu. Sheria haikuwepo chumbani kwa sura ya askari au hakimu. Ilikaa mdomoni mwa daktari. Simchukii. Nilimwona baadaye kwenye maegesho ya magari amekaa ndani ya gari lake, injini imezimwa, na najua ana watoto wadogo. Ukimwambia mtu kwamba neno moja linaweza kumletea kesi ya kifungo cha maisha, hata pale ambapo wanasheria wangesema neno lile haliwezi kumfikisha huko, atajifunza kunyamaza. Hofu ya namna hiyo haihitaji mtu afungwe kweli.

Mama Neema aliibeba mimba mpaka wiki ya 36. Watu dukani walimpongeza, walimuuliza wa kike au wa kiume. Kwenye upasuaji wa tatu ikaonekana kondo la nyuma limeng'ang'ania kwenye kovu la zamani. Alitokwa damu nyingi, akaongezewa, na mwishowe mfuko wa uzazi ukatolewa ili asife. Mtoto aliishi chini ya saa mbili. Siku ya pili nilipoitwa kutafsiri maelezo ya dawa, nesi alipotoka alinishika mkono, akauliza kama kulikuwa na njia nyingine ambayo hakuambiwa. Nikamwambia kweli: ndiyo, katika majimbo mengine ilikuwepo. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na wao walijua?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike.

Baadaye nilisoma utafiti uliotoka 2024 kwenye jarida la kitabibu la watoto la Marekani. Vifo vya watoto wachanga Texas viliongezeka kutoka 1,985 mwaka 2021 hadi 2,240 mwaka 2022, karibu asilimia 13, wakati sehemu nyingine za nchi ongezeko halikufika asilimia mbili. Vifo vilivyotokana na kasoro za kimaumbile viliongezeka kwa karibu asilimia 23. Nilipoziona zile tarakimu nilimkumbuka Mama Neema, ingawa mtoto wake alizaliwa baada ya mwaka huo, na najua ndani yake yumo mwanamke asiyezungumza Kiswahili, wala asiyehitaji mkalimani, aliyetazamwa faili kama yeye.

Nimelelewa katika Uislamu, na sichukulii wepesi hesabu ya umri wa mimba. Madrasa tulifundishwa kwamba roho hupulizwa baada ya siku 120. Mwaka 1990 Baraza la Fiqhi la Rabita, jumuiya ya Waislamu wa dunia, huko Makka liliruhusu mimba itolewe kabla ya siku hizo iwapo madaktari wanaoaminika wamethibitisha kwamba mtoto ana kasoro kubwa isiyotibika. Baada ya hapo, ni kwa kuokoa maisha ya mama tu. Siku 120 kwa hesabu ya hospitali ni kama wiki ya 19. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya dini yangu, kipimo kikubwa huja mpakani au baada yake, na nimewahi kukaa na mama wa Kisomali aliyelia kwa sababu hiyo hiyo. Lakini yule mama alikuwa na shehe wa kumuuliza, na shehe alimjibu. Kujibiwa, hata kama jibu ni gumu, ni tofauti kabisa na kuachwa.

Na jambo jingine lililonishangaza: Kongo, nchi ambayo hawa mama zangu waliikimbia, ilichapisha Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, kwenye gazeti lake rasmi mwaka 2018. Itifaki hiyo inaruhusu mimba kutolewa kwa aliyebakwa, na pale afya ya mama, ya mwili au ya akili, inapokuwa hatarini, au maisha ya mama au ya mtoto aliye tumboni. Najua vizuri kwamba kati ya karatasi ya Kinshasa na zahanati ya Fizi kuna milima. Hata hivyo, kwa maandishi, sheria ya nchi aliyoikimbia mkimbizi sasa ni pana kuliko ya jimbo lililompokea, na hakuna aliyemwambia habari za sheria hizi alipokuwa anafundishwa maisha ya Marekani.

Desemba 2023 Kate Cox, mama wa watoto wawili wa hapa eneo la Dallas, alikwenda mahakamani akiwa na wiki 20. Mtoto wake alikuwa na trisomi 18, kasoro ya vinasaba ambayo watoto wengi hufa nayo kabla ya kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Jaji wa Austin alimruhusu. Mahakama ya Juu ya Texas ikakataa tarehe 11, na yeye alikuwa ameshaondoka kwenda jimbo jingine. Habari ile ilienea kwenye simu za watu wetu kuliko hotuba yoyote ya kisiasa. Mwanzoni mwa 2024 nikaitwa kumtafsiria mama mdogo wa Kibembe, nitamwita Mama Baraka. Kipimo kilikuwa kimeonyesha trisomi 18 na moyo ulioharibika vibaya. Daktari alikuwa tofauti na yule wa Mama Neema, lakini kitasa cha mlango kilikuwa kile kile. Mama Baraka hakuuliza "tunafanya nini." Aliuliza kuhusu jimbo jirani ambako utoaji mimba unaruhusiwa: "Kama ningekuwa naishi New Mexico, daktari wa kule angeniambia kuna njia gani?"

Daktari akaachia kitasa. Akakaa. Akajibu lililoulizwa, lote.

Nimelifikiria sana tukio lile. Mama Baraka alimpa daktari mlango wa kupitia. Hakumwomba afanye wala apange kitu. Alimwomba ukweli kuhusu mahali pengine, na ukweli wa tiba ya jimbo jingine si siri. Nilitafsiri kama ninavyotafsiri siku zote, lakini mikono yangu ilikuwa inatetemeka.

Yeye na mumewe waliamua kwenda. Kutoka Fort Worth mpaka Albuquerque ni karibu kilomita 1,000, unapita Wichita Falls na Amarillo. Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, haikulipa. Tangu miaka ya 1970 fedha za serikali kuu haziruhusiwi kulipia jambo hili isipokuwa kwa sababu chache sana. Gharama ilikuwa maelfu ya dola. Akina mama wa kanisani walichanga, kimya kimya, kama tunavyochanga msibani. Mume alitoka zamu ya usiku ghalani akashika usukani. Wakati huo Amarillo kulikuwa na vuguvugu la kutaka watu washtakiwe kwa kutumia barabara za mji kumpeleka mwanamke nje ya jimbo, na kaunti ya Lubbock ilikwisha kupitisha katazo kama hilo Oktoba 2023. Mama Baraka aliniambia kwamba walipokuwa wanapita Amarillo mumewe aliendesha chini ya kasi iliyoruhusiwa na hawakusimama hata kwa mafuta. Novemba 2024 wapiga kura wa Amarillo waliikataa sheria ile. Watu wa Albuquerque nao walikuwa wamekataa mpaka wa wiki 20 kwa kura yao, Novemba 2013, mwaka ule ule Texas iliouweka. Nafurahi kuyajua haya yote mawili. Hawa walipiga kura kuhusu watu wasiowafahamu, na wakawafaa.

Sasa Jumamosi nakutana na akina mama katika ukumbi wa kanisa, bila malipo, na si kama mkalimani. Nawaambia waende kliniki mapema. Nawaambia waombe nakala ya ripoti ya ultrasaundi, kwa sababu ni haki yao. Nawaambia chupa ikipasuka kabla ya wakati, wasisubiri nyumbani, na wakifika wataje homa, harufu na damu bila haya. Nawasimulia habari ya Amanda Zurawski wa Austin, ambaye chupa ilipasuka mwaka 2022 mimba ikiwa ya wiki 18, akarudishwa nyumbani mpaka sumu ikaingia kwenye damu. Alishtaki, na Mei 2024 Mahakama ya Juu ya Texas ikaamua dhidi yake na wenzake. Katikati ya 2025 bunge lilirekebisha sheria ili daktari asilazimike kusubiri mama awe mahututi. Ni hatua, na naishukuru. Kwa mtoto asiye na figo haikubadilisha chochote.

Mwisho nawafundisha lile swali la Mama Baraka, neno kwa neno, na tunalirudia.

Mara moja bibi mmoja anayeheshimika sana alisimama akaniuliza kama nimekuja kuwafundisha mabinti zao kutoa mimba. Kabla sijajibu, Mama Riziki alinyanyuka akasema, "Bibi, miye nilizaa wangu na nikamuzika, na wote munajua. Lakini niliambiwa kwanza." Bibi akakaa. Baadaye kidogo akainua mkono akauliza kuhusu mkwewe, anayenyonyesha na hajaona siku zake tangu ajifungue, lakini tumbo linakua: ahesabu kuanzia wapi? Nikamwambia asihesabu, aende akapimwe wiki hii. Kipimo cha miezi mitatu ya mwanzo hukosea kwa siku chache tu. Akingoja mpaka mwezi wa tano au wa sita kinaweza kukosea kwa wiki mbili, na hapa Texas, na hata kule New Mexico kwa daktari anayemwandalia tiba, wiki mbili ni nyingi.